Hajarudi: Juan Gelman na mashairi ya watu wasio na kaburi

Mbolezi zetu zina mahitaji machache, nayo hayabadiliki. Linatakiwa jina. Unatakiwa mwili. Linatakiwa kaburi, au angalau saa ya mazishi na mahali yatakapofanyika. Ukisikiliza matangazo ya vifo redioni utaona yamejengwa kwa vitu hivyohivyo: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea siku fulani, mazishi ni kesho saa kumi, habari ziwafikie akina fulani popote walipo. Shaaban Robert alipomlilia mkewe katika shairi la "Amina", alianzia hapohapo. Anamwambia kwamba ametangulia kufa, anamfananisha na ua, anakumbuka alivyokuwa akimwombea dua apone. Shairi lile linauma, lakini lina mahali pa kusimama. Anayelia anajua anayemlilia yuko wapi.

Ninasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na utafiti wangu unahusu mashairi ya maombolezo. Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikilirudia swali ambalo vitabu vya kiada havikuniandalia: mshairi afanye nini na mtu ambaye hakuna anayejua aliko? Hakuna mwili wa kuosha, hakuna saa ya mazishi. Hata neno "marehemu" halitumiki, maana ni neno la aliyekwisha kuombewa rehema, na huwezi kumwita hivyo mtu ambaye huenda kesho akabisha hodi. Nilipolipeleka swali hili darasani, mwenzangu mmoja alisema shairi la namna hiyo haliwezi kukamilika kwa kuwa halina pa kufikia. Makala hii ni jibu langu kwake. Ninadhani lipo shairi lililokamilika bila kufika, na ningependa tuangalie limefanyaje.

Juan Gelman alizaliwa Buenos Aires mwaka 1930. Alikuwa mshairi, mwandishi wa habari na mtu wa siasa za mrengo wa kushoto. Jeshi lilipotwaa madaraka nchini Argentina Machi 1976, yeye alikuwa tayari uhamishoni Ulaya. Agosti mwaka uleule watu wa utawala huo walimchukua mwanawe Marcelo Ariel, kijana wa miaka 20, pamoja na mkewe María Claudia, aliyekuwa na mimba ya miezi 7. Baada ya hapo, kimya. Utawala ule ulidumu hadi Desemba 1983. Tume iliyoundwa baada yake iliorodhesha watu karibu 9,000 waliopotezwa, na mashirika ya haki za binadamu ya huko hutaja 30,000.

Mwaka 1980, akiwa bado hajui mwanawe yuko wapi, Gelman aliandika Carta abierta, yaani Barua ya Wazi, mfululizo wa mashairi anayomwandikia Marcelo. Sisomi Kihispania vizuri. Nimeyasoma kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Lisa Rose Bradford, huku Kihispania chenyewe kikiwa upande wa pili pamoja na kamusi. Kwa hiyo ninachosema hapa ni maoni ya msomaji anayechungulia dirishani. Lakini kuna mambo ambayo hata dirishani yanaonekana.

Jambo la kwanza linahitaji tumsikilize kwanza mtu mwingine. Desemba 1979, mbele ya waandishi wa habari, Jenerali Jorge Rafael Videla aliulizwa kuhusu waliopotea. Jibu lake linajulikana Argentina nzima. Alisema kwamba mtu akiwa amepotea hawezi kupewa matibabu ya aliye hai wala ya aliyekufa, kwa sababu hayupo: si maiti, si mzima, amepotea. Tazama kazi inayofanywa na maneno hayo. Familia inauliza "yuko wapi?" na mtawala anajibu kwa somo la sarufi. Anachukua sentensi yenye mtendaji na mtendwa (askari walimchukua kijana) na kuifanya sentensi isiyo na mtendaji: kijana amepotea, kama funguo zinavyopotea.

Hapo ndipo nilipoanza kukisikiliza Kiswahili upya. Lugha yetu ina jina la mtu aliyekufiwa na mtu wake: amefiwa. Ni umbo la ajabu, kitenzi cha kufa kilichogeuzwa kikamwangukia aliyebaki hai. Lakini mtu ambaye mwanawe ametoweka tutamwitaje? Amepotelewa, na neno hilo tunalitumia kwa simu na kitambulisho. Msiba huu haujapata neno lake.

Upande wa pili, tuna kitu ambacho Kihispania hakina. Sema "hakurudi", na habari imekwisha. Sema "hatarudi", umeshatoa hukumu. Sema "hajarudi", na mlango umebaki na ufa. Kiambishi -ja- kinakanusha jambo na papo hapo kinaendelea kulingoja. Kila mtoto wa Kiswahili anakijua kabla hajaanza shule: baba hajaja, chakula hakijaiva. Ni kiambishi cha jikoni na barazani, na sidhani kama kuna aliyewahi kukiita cha kishairi. Ila Carta abierta yote, kwa kadiri ninavyoielewa, imeandikwa ndani ya -ja-, kwa lugha ambayo ililazimika kutafuta njia nyingine za kufika huko.

Njia ya kwanza ni maswali. Kurasa zimejaa alama za kuuliza, na mengi ya maswali hayo anaulizwa Marcelo mwenyewe, moja kwa moja, kama mtu anayeweza kujibu. Njia ya pili ni mikwaju. Gelman anaikata mishororo yake kwa alama ya mkwaju katikati, hata pale ambapo pumzi ingeweza kuendelea. Kwa jicho mkwaju ni ukuta mwembamba. Kwa sikio ni mahali ambapo anayesema ananyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza kama kuna aliyejibu. Mwanzoni nilidhani ni mtindo tu, lakini baada ya shairi la nne au la tano nilijikuta nami ninanyamaza kila ninapoufikia.

Njia ya tatu ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Gelman anachukua vitenzi na kuvipachika kiambishi cha kutengua, hata vile ambavyo Kihispania hakijawahi kuvitengua. Kusema kunapata kinyume chake, na kumshika mtu kunapata kinyume chake. Halafu analichukua jina lenyewe, hijo, yaani mwana, analifanya kitenzi, kisha anakitengua kitenzi hicho pia. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kinachotokea, kwa sababu sisi tunayo kauli ya kutendua tangu zamani: funga na fungua, ziba na zibua, fukia na fukua. Jaribu sasa kuifanya kauli hiyo kwa "zaa". Haiwezekani. Lugha imekubali kwamba mlango uliofungwa hufunguliwa na shimo lililofukiwa hufukuliwa, lakini aliyezaa hawezi kutenduliwa akawa hakuzaa. Gelman anakilazimisha Kihispania kiseme jambo hilohilo lisilosemeka, kwa sababu ndilo alilotendewa. Tumejaribu kulitafsiri neno lile, mimi na mwenzangu yule wa darasani, jioni nzima kwenye kantini, tukashindwa. Sasa naona kushindwa kule ni sehemu ya maana yake.

Nije kwenye utoto, maana ndipo tafsiri nyingi za mashairi kama haya hukosea. Marcelo alichukuliwa akiwa mtu mzima, mume wa mtu na baba mtarajiwa. Ndani ya mashairi, hata hivyo, mara kwa mara anasemeshwa kama mtoto mdogo. Mara nyingine mambo yanageuka kabisa: baba ndiye anayekuwa mdogo, kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa na mwanawe na sasa ameachwa peke yake. Ni rahisi kusema kwamba haya ni mazoea ya huzuni, kwamba kila mzazi aliyepoteza mwana humkumbuka akiwa mchanga. Sikubaliani. Gelman hakuwepo siku Marcelo alipochukuliwa. Kilichotokea baada ya mlango kufungwa hakijui. Anachokijua bila kuambiwa na mtu ni utoto wa mwanawe. Serikali inaweza kukana kwamba ilimshika mtu fulani Agosti 1976, lakini haiwezi kumkana mtoto aliyebebwa mgongoni na baba yake. Utoto ndani ya shairi hili unafanya kazi ya cheti cha kuzaliwa.

Akina mama wa Buenos Aires walilifahamu hilo kabla ya wahakiki. Aprili 1977 walianza kukusanyika Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, kuwauliza watawala watoto wao wako wapi. Baadaye mwaka ule, ili waweze kutambuana katika umati, walijifunga vitambaa vyeupe kichwani. Vitambaa vya mwanzo vilikuwa nepi. Fikiria maana yake: wale vijana utawala uliwaita wahalifu na magaidi, na mama zao wakajibu kwa kitambaa kilichosema tuliwavisha hiki.

Naelewa jambo hili kwa sababu nyingine pia. Mjomba wangu, mdogo wa mama, aliondoka nyumbani Tanga nilipokuwa na miaka 6. Alisema anakwenda stendi kupokea mzigo. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo, na hadi leo hakuna anayejua. Sidai kwamba kisa chake kinafanana na cha Marcelo. Hatuna ushahidi kwamba kuna aliyemchukua, hatuna ushahidi wa lolote, na hilo ndilo tatizo. Babu alipofariki na mirathi ikagawanywa, bibi alisimama kwenye jambo moja tu: fungu la mwanawe la minazi litengwe. Kila nazi zikiangushwa, hesabu ya fungu lile huandikwa kwenye daftari lenye jalada la bluu. Jirani akiteleza ulimi akasema "marehemu mwanao", bibi humuuliza kwa upole, "Nani kakuambia?" Hitima haikusomwa. Watu wengine wa familia waliona anajitesa. Mimi nilipokuwa mdogo niliona ni kawaida, kwamba kila familia ina daftari kama lile.

Kumbukumbu yangu ya mjomba ni moja. Anafyeka dafu kwa panga, anachonga kijiko kwa kipande cha ganda lake, ananipa nikombe ule ulaini wa ndani, na kwenye mkono wake wa kushoto kuna kovu. Mama anasema kovu lilikuwa mkono wa kulia. Hatujawahi kukubaliana. Ukiwa na kaburi, ubishi kama huo ni wa mapenzi tu. Usipokuwa na kaburi, ubishi una uzito, kwa sababu siku moja mtu anaweza kukuuliza alama za kumtambulia. Ndiyo maana mashairi ya aina hii hung'ang'ania vitu vidogo. Mshairi anaviweka wazi, hata visivyo na hakika, kwa kuwa huenda vikahitajika.

Mwenzangu wa darasani aliniuliza kama fasihi yetu haijawahi kuuliza "wapi?" Imeuliza, tena kwa ukubwa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, takriban miaka 200 iliyopita, anatembea kati ya magofu ya Pate na kuwauliza wenye majumba yale wako wapi. Ni moja ya sehemu nzuri kabisa katika ushairi wa Kiswahili. Lakini mshairi yule analijua jibu, na msomaji analijua. Wamo mchangani, na moyo unatakiwa uzingatie. Swali lake ni mlango wa mawaidha. Swali la Gelman ni swali kama la mtu aliyesimama kaunta: yuko wapi, na nani anaweza kuniambia? Ukilisoma la pili kwa mazoea ya la kwanza, utageuza uhalifu kuwa ukumbusho kwamba dunia haidumu. Watawala wa Buenos Aires wangefurahi sana kusomwa hivyo.

Hapa ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo, na unahusu sisi tunaoandika leo. Nasoma mashairi mengi ya vijana wenzangu kuhusu watu waliotoweka. Mengi yana ukungu, yana ndege anayeruka magharibi, yana upepo uliofuta nyayo. Ni mazuri masikioni. Ila ndani ya ukungu hakuna gari, hakuna tarehe, hakuna mtu aliyeshika usukani. Kiswahili kina "kupotea" na "kutoweka", lakini pia kina "kupotezwa" na "kutoweshwa", na tofauti kati ya jozi hizo ni mtu aliyetenda. Nchini kwangu tumezoea msemo "watu wasiojulikana", ambao umesemwa mara nyingi mno hadi umekuwa kama jina la kabila. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 2017. Julai 2019 waziri mmoja aliiambia BBC kwamba alitoweka na kufa, kisha ikafafanuliwa kwamba hakuwa amethibitisha kifo. Familia yake ilipewa "amekufa", halafu ikanyang'anywa. Baada ya hapo, shairi litakaloandika "aliyeyuka kama umande" litakuwa limeungana na upande fulani, hata kama mwandishi hakukusudia.

Carta abierta nayo ina hatari hiyo. Lugha yake ni ya ndani mno, na kuna kurasa ambapo nilihisi baba na mwana wamejifungia chumbani na mimi nimebaki ukumbini. Upole wake unaweza kumfanya msomaji asahau kwamba kuna muuaji. Nadhani Gelman aliliona, kwa sababu mwishoni mwa mfululizo ameweka maelezo mafupi ya nathari. Anataja tarehe. Anataja majina, mimba. Anasema waliwachukua askari, kwamba mtoto alizaliwa kambini, na kwamba hatawahesabu kuwa wamekufa mpaka aione miili yao au awaone waliowaua. Maelezo hayo ni mkavu kama fomu ya polisi, na ndiyo yanayoyashikilia mashairi yasipeperuke. Wahakiki wengine huyaona kama kiambatisho. Mimi nayaona kama shairi la mwisho la mfululizo.

Historia iliendelea baada ya kitabu. Mwaka 1990 mabaki ya Marcelo yalitambuliwa. Aliuawa kwa risasi, na mwili wake ulikuwa umetiwa ndani ya pipa lililojazwa mchanga na saruji. Mwaka 1994 bunge la Argentina lilipitisha sheria inayozipa familia hati ya "kutokuwepo kwa sababu ya kupotezwa kwa nguvu", ili ziweze kushughulikia mali na mirathi bila kulazimishwa kutamka kwamba mtu wao amekufa. Niliposoma habari hiyo nililikumbuka daftari la bluu. Sheria nayo ilikuwa imetafuta -ja- yake ikaipata.

Mwaka 1995 Gelman alichapisha barua nyingine ya wazi, safari hii kwa mjukuu ambaye hakujua hata kama ni wa kike au wa kiume. Anamwambia kwamba sasa anakaribia umri waliokuwa nao wazazi wake walipouawa, na kwamba punde atakuwa mkubwa kuliko wao. Mwaka 2000 mjukuu huyo alipatikana Uruguay. Ni Macarena, aliyezaliwa Montevideo alikohamishiwa mama yake, na kulelewa katika familia ya polisi. Miaka 7 baadaye Gelman alipewa Tuzo ya Cervantes, na mwaka 2014 akafariki Mexico. María Claudia, hadi ninapoandika, hajapatikana.

Kwa hiyo mashairi yale ya 1980 sasa yana nyakati mbili. Kwa Marcelo, maswali yake yamejibiwa na pipa la saruji, na unaweza kuyasoma kama mbolezi. Kwa María Claudia, kila alama ya kuuliza ingali inafanya kazi yake. Hilo ndilo nililotaka kumwambia mwenzangu. Shairi lililoandikwa katika -ja- halikosi mwisho. Limekataa kuutoa mwisho ambao haliujui, na limeweka kumbukumbu zake katika hali ambayo mtu akija na habari, leo au baada ya miaka 40, atakuta jina, tarehe na alama ya mkono vimeandikwa, na nafasi ya jibu imeachwa wazi.

Wahariri wetu hupenda kuuliza kama shairi la huzuni linaponya. Kwa mashairi ya waliopotezwa ningeanza na maswali mengine. Je, limemtaja aliyetenda, au limempa upepo kazi yake? Je, utoto uliomo ni pambo, au ni kitu ambacho familia ingeweza kukitumia kumtambua mtu wao? Na kitenzi chake cha mwisho, je, kimefunga mlango ambao mwenye nyumba bado hajaufunga?